Lori la Pua Ndefu kwa Elfu Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Juni

Nimepewa siku ishirini na sita. Mke wangu, Mama Pacha, amebandika karatasi kwenye jokofu na mimi nimetia sahihi. Masharti: kopo la fedha za modeli limeanza mwezi na elfu mia mbili. Jumamosi ya tarehe 29, saa kumi jioni, tunalifungua na kuhesabu. Zikizidi hata kwa elfu moja, chumba cha nyuma ni changu, na hakuna mtu wa kukitolea macho tena. Zikipungua, cherehani yake ya pili, ambayo ameshailipia na italetwa siku hiyohiyo, inaingia chumbani, na mimi natoka na ndoo zangu.

Nimesaini kwa wino. Nilitaka aone sitetemeki.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa tajiri: mchana mimi ni karani wa ghala la rangi. Jioni natengeneza malori. Lori moja tu kwa kweli, la zamani, la pua ndefu, linaloenea kiganjani, vipande arobaini na sita. Namimina rezini, yaani plastiki ya majimaji, kwenye kalibu ya mpira wa silikoni, inaganda, natoa vipande, nasugua, natia kwenye boksi. Mteja anaunganisha mwenyewe kwa gundi na kupaka rangi. Anayedhani huo ni mchezo wa watoto na ajaribu kumimina kioo cha pembeni chenye unene wa njiti ya kiberiti.

Sasa bei. Fundi Saa wa ng'ambo ya barabara anauza kichwa chake cha treni ya modeli kwa elfu sitini. Sitini! Anauza viwili kwa mwezi, mwezi mbaya kimoja, na bado anatembea kifua mbele. Mimi nimekaa chini na kalamu. Rezini elfu tisa, boksi na karatasi ya maelezo elfu mbili. Kumi na moja. Nauza kumi na tano. Faida elfu nne kwa kila lori, na Fundi Saa atarudi kwenye saa zake mwezi haujaisha.

Mama Pacha aliuliza gharama ya kalibu iko wapi. Nikamwambia kalibu ni sawa na sufuria, na hakuna mgeni anayetozwa sufuria. Akauliza sufuria yangu inapika mara ngapi kabla haijachanika. Akauliza pia saa zangu nimeziandika mstari gani. Nikajibu saa zangu ni bure. Akasema kama ni za bure, ana mashati mia moja na ishirini ya sare za shule yanangoja vifungo. Huyu mwanamke hawezi kuzungumza biashara kwa utulivu.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya. Niandike upesi niimalize.

Kalibu ina nusu mbili. Unalaza vipande vya lori mama, yaani lile la kwanza nililolichonga kwa mkono miezi mitano, unamimina silikoni ya chini, unangoja igande, unapaka mafuta ya kuachanisha, unamimina ya juu. Mafuta hayo dukani ni elfu sita kopo dogo. Wizi mtupu! Kopo la silikoni lenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba silikoni haishiki kitu chochote. Haishiki mbao, haishiki chuma, haishiki plastiki. Nikajiuliza, sasa naachanisha nini na nini? Nikapaka lori mama mafuta ya mgando ya mke wangu, basi, nikamimina nusu ya pili nikiwa na amani moyoni.

Silikoni haishiki kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake.

Nimebaki na donge moja la kilo mbili, na lori mama limo ndani kama mbegu. Elfu thelathini zimekwenda. Mama Pacha aliligeuza donge, akaligonga kwa kidole, akauliza kama sasa nitaliuza hivihivi na wateja wakate wenyewe. Nililipasua kwa kisu cha jikoni huku jasho linanitoka, na lori mama lilitoka hai, ila limepoteza kioo cha pembeni na kitasa cha mlango wa dereva, ikabidi nivichonge upya.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Donge nimelikatakata vipande vya ukubwa wa sabuni ya kuogea na nimevijaza kwenye kalibu mpya, kwa hiyo safari hii silikoni mpya imenitosha kilo moja tu. Elfu kumi na tano badala ya thelathini. Nimeokoa nusu! Nilimtangazia mke wangu. Akasema nimetumia arobaini na tano kupata kitu cha thelathini. Hesabu za namna hiyo ndizo zinazokatisha watu tamaa.

Mafuta ya kuachanisha safari hii ni ya mgando tena, kwa pande zote. Yamefanya kazi. Kopo lake limebaki jeupe ndani, sijui atajipaka nini kesho.

Jumamosi, 8 Juni

Viputo. Adui yangu ni viputo. Lori la kwanza limetoka na mashimo kwenye boneti utadhani limetoka vitani. La pili halina usukani. La tatu magurudumu sita, manne yameng'atwa.

Watu wenye hela wana mashine ya kunyonya hewa. Mimi nina akili. Nilikaa nikifikiri, na sebuleni cherehani ikawa inatetemesha sakafu hadi vikombe vinalia kabatini. Nikashtuka. Mtetemo! Mtetemo unapandisha viputo juu!

Nilingoja Mama Pacha aende dukani kununua uzi. Nikaweka kalibu iliyojaa juu ya meza ya cherehani, nikakanyaga pedali. Viputo vilipanda kama maji yanayochemka. Nilipiga kelele za furaha peke yangu. Nikakanyaga zaidi. Kalibu ikaanza kutembea. Niliidaka, nasema ukweli niliidaka, ila rezini ilikuwa imeshamwagika kwenye kola saba za sare na nyingine ikashuka hadi kwenye pedali.

Rezini yangu inaganda kwa dakika kumi na tano. Yeye alirudi baada ya ishirini.

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Alizihesabu kola, akajaribu pedali kwa mguu, akasema pedali ataibandua mwenyewe na kola ataziondoa kwenye ujira wangu. Nikauliza ujira gani. Akanionyesha rundo la mashati. Nimehukumiwa vifungo vya mashati arobaini, vifungo saba kila shati, bila malipo.

Lori lililotoka kwenye kalibu ile halina kiputo hata kimoja. Naandika hilo ili haki itendeke.

Jumanne, 11 Juni

Nimetangaza kwenye kundi la simu la wapenda modeli. Picha tatu, moja nimeipiga kwa karibu sana ili lori lionekane kubwa. Bei elfu kumi na tano! Halafu nikaongeza sentensi ambayo nina hakika hakuna aliyewahi kuifikiria: kipande kikikosekana au kikivunjika, natuma kingine bure, maisha yote.

Oda tisa kabla ya chakula cha jioni! Tisa! Fundi Saa anahitaji miezi mitano kuzipata.

Na Fundi Saa mwenyewe alivuka barabara. Alimsalimia Mama Pacha, shemeji habari za kazi, akaketi, akaligeuza lori langu kwa vidole vyake vya kushikia vigurudumu vya saa. Akasema kazi ni safi. Akauliza bei, nikamtajia. Kisha akanishauri kama rafiki nisiuze chini ya hamsini, maana kwa kumi na tano nitafanya kazi kama punda na mwisho nitabaki na mifuko mitupu. Nikatabasamu. Hofu ilimjaa machoni, niliiona kabisa. Nani mwingine anamsihi mshindani wake apandishe bei?

Akauliza kama dhamana ya vipande ni ya kweli. Nikasema mimi neno langu ni moja. Akatoa elfu kumi na tano, akaondoka na boksi. Nimemuuzia mshindani wangu! Leo nitalala kwa raha.

Ijumaa, 14 Juni

Oda kumi na sita sasa. Namimina nikitoka ghalani, nasugua baada ya kula, nashona vifungo katikati wakati rezini inaganda. Kila lori linanila saa tatu. Mama Pacha anaziandika kwa penseli kwenye karatasi ya jokofu, sijui za nini.

Fundi Saa alikuja asubuhi. Kioo cha kushoto hakimo. Nikampa, nikacheka moyoni. Alasiri nilipotoka ghalani alirudi, kitasa kimevunjika. Nikampa. Jioni, mlango ule wenye kitasa. Mtu mzima na sifa zake zote, anakuja kuniomba vipande mlangoni, na kila mara anashukuru. Laiti mtaa mzima ungeona.

Wateja wa mbali nao wameanza kudai. Kipande kimoja kukituma ni elfu tatu, kipande chenyewe hakifiki hata mia mbili. Nimetuma vitatu. Si kitu, ni matangazo.

Habari njema ya leo ni mteja mpya. Ameagiza malori mawili kwa namba nisiyoijua, hakupiga simu, hakuomba kupunguziwa, hakuuliza swali. Ametuma hela kwanza! Tena ametuma elfu arobaini badala ya thelathini, na ujumbe mfupi kwamba mzigo uachwe duka la vifungo, atauchukua, na chenji nibaki nayo. Nimempa jina Mteja Kimya. Angekuwa na ndugu zake kumi, ningeacha kazi ghalani.

Chenji nimemrudishia. Mimi si mfanyabiashara wa kubahatisha, nina heshima yangu. Nilitia elfu kumi kwenye bahasha, nikamlipa wa pikipiki elfu moja aifikishe duka la vifungo, nikaandika juu yake: bei yetu ni moja kwa wote. Nilimsimulia Mama Pacha habari za mteja huyu wakati anapima kitambaa. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye futi yake, akakata mahali sipo. Huwa hakosei kukata. Nadhani macho yanamchoka.

Jumatatu, 17 Juni

Kalibu imechanika. Ilipofika lori la ishirini ukingo ulifumuka, na sasa magurudumu yanatoka na ndevu. Nimenunua silikoni nyingine, kilo mbili, elfu thelathini, na safari hii nimefuata kila hatua kama mtu anayesali.

Mama Pacha alinyanyua sufuria yake, akaichungulia chini kwenye mwanga, akairudisha jikoni. Ni maonyesho tu, sufuria ile ni nzima na anajua.

Kopo limekuwa jepesi. Nimefikiri sana na nimepata dawa: kushusha bei. Elfu kumi na tatu! Kwa kumi na tano nimeuza ishirini, kwa kumi na tatu nitauza arobaini. Mke wangu aliniuliza, kwa sauti ya kumuuliza mgonjwa kama amekula, faida ya kila lori sasa ni ngapi. Mbili, nikasema. Akauliza kipande kimoja kukituma ni ngapi. Tatu, nikasema. Akangoja. Nikamweleza kwamba pengo hilo linazibwa na wingi. Akauliza wingi wa nini.

Ijumaa, 21 Juni

Fundi Saa amechukua: taa mbili, tairi zote sita kwa siku tatu tofauti, usukani, kiti, bomba la moshi, na leo fremu yote ya chini, ambayo anasema aliikalia. Namhurumia. Mikono yake lazima imeanza kuzeeka, na kwa fundi wa saa huo ni msiba. Nilimwambia ajaribu kuunganisha polepole. Akasema anajitahidi.

Vifungo vimekwisha, mashati arobaini yote, na vidole vyangu vimejaa matundu. Mama Pacha amesema nashona vizuri. Amesema nikitaka kuendelea na yaliyobaki atanilipa kama anavyomlipa msichana wa vifungo, na kwa kasi yangu hiyo ni elfu mbili kwa saa. Nilicheka. Mtu mwenye kiwanda anaambiwa ashone vifungo! Niliingia chumbani kwangu nikafunga mlango.

Ni chumba kizuri. Dirisha moja, rafu nilizozipigilia mwenyewe, harufu ya rezini, lori mama juu kabisa likitazama chini. Nikiwa humo sisikii ghala wala bosi wa ghala. Naogopa kukikosa. Leo ndiyo mara ya kwanza nakiri hilo, na nakiri hapa tu.

Jumatatu, 24 Juni

Nimesimama mbele ya dirisha la Fundi Saa robo saa nzima. Watu walinipita.

Malori mawili ya pua ndefu. Mawili! Yamepakwa rangi ya kijani iliyopauka, kutu kwenye viungo, tope kwenye tairi, kioo cha dereva kina ufa mwembamba kama unywele. Kila moja ndani ya sanduku la kioo. Kila moja elfu mia moja na arobaini.

Niliingia kwa kishindo. Nikamwambia aliniuzia uongo, kwamba alinunua lori moja na la pili amelikusanya kwangu kipande kwa kipande kwa jina la dhamana. Akasema ndiyo. Hata hakuangalia pembeni. Akasema alitaka aone nitashtuka kwenye kipande cha ngapi, na nilipompa fremu yote bila kuuliza alikosa usingizi kwa ajili yangu. Akafungua daftari lake, akanionyesha: rangi kiasi hiki, kioo kiasi hiki, saa kumi na nne za mkono kwa kila lori, na kila saa ina bei. Lori langu lenyewe lilikuwa mstari mdogo kabisa wa mwisho. Akasema la pili nikilitaka nilichukue, ni langu.

Nilikataa. Nina kiburi changu. Nilirudi nyumbani nimeduwaa, lakini kabla sijafika mlangoni akili ikafanya kazi. Lori langu linauzwa mia moja na arobaini dirishani! Kila anayepita ataona, kisha atasikia kwamba kwangu ni kumi na tatu. Fundi Saa ananitangazia bure na hajui!

Alhamisi, 27 Juni

Malori thelathini na mawili yameuzwa. Vipande nane vimetumwa mbali. Mama Pacha amenishauri, taratibu, bila kejeli, nifute ile sentensi ya maisha yote. Nilifikiria. Nimeibadilisha: sasa dhamana inarithiwa na watoto wa mteja.

Anaonekana hana raha. Nilimuuliza kama ni cherehani. Akasema si cherehani. Akasema anataka chumba, kweli, mgongo wake umechoka kukunjamana sebuleni, lakini hapendi kuniona nimetoka humo kichwa chini. Nikamchemshia maji ya chai.

Jumamosi, 29 Juni

Saa kumi kamili. Kopo mezani. Amehesabu yeye, nimehesabu mimi, amehesabu yeye tena.

Mia moja na tisini na tano.

Nimepungukiwa elfu tano! Saa zangu za kusugua na kumimina, kwa penseli yake, zimefika tisini na sita. Nilitafuta mifukoni, chini ya ndoo, ndani ya kiatu cha kazini. Karatasi ilinitazama kutoka kwenye jokofu na sahihi yangu ya wino.

Mama Pacha akasema, kwani ile elfu kumi ya chenji ningeibakiza ingenichoma mkono? Na elfu ya pikipiki juu yake? Nikamweleza heshima ya biashara. Akafunika uso kwa mikono miwili, nadhani alikuwa anacheka, ila alipoitoa macho yalikuwa na maji.

Cherehani ililetwa saa kumi na nusu. Niliibeba mimi na dereva. Nzito kweli.

Jumapili, 30 Juni

Nimehamia chini ya ngazi. Ndoo mbili zinaingia, ya tatu inaziba mlango wa choo.

Asubuhi nilimsaidia kuhamisha vitambaa. Kabati la sebuleni, droo ya chini, chini ya majora ya kaki: maboksi mawili. Gundi yangu ya karatasi, mwandiko wangu, hayajafunguliwa. Na bahasha, bei yetu ni moja kwa wote, elfu kumi ndani yake.

Nilikaa sakafuni. Niliona haya, nikafurahi, nikaona haya tena. Alikitaka chumba kile kuliko kitu chochote, na bado alinunua malori mawili ili nisikikose. Nampenda mwanamke huyu na sijui namna ya kumwambia bila kumwonyesha kwamba nimeingia kwenye droo yake. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mchana nilimshonea vifungo vya mashati ishirini bila kuambiwa. Alinilipa vilevile, elfu kumi na nne, akasema kazi ni kazi.

Fedha yangu ya kwanza ya faida mwaka huu. Nimeiingiza kwenye kopo na kuiandika kwenye daftari: mauzo ya modeli.

Halafu nikatulia chini ya ngazi nikafikiri vizuri, na picha yote ikakaa sawa. Kati ya wateja wote wa mwezi, mmoja tu hakudai kipande, hakuomba punguzo, hakuchelewesha hela. Na yuko hapahapa nyumbani, gharama ya kumfikishia mzigo ni sifuri! Soko nilikuwa nalitafuta mbali.

Kesho naanza basi la ghorofa. Vipande mia moja na kumi na nane, elfu kumi na mbili tu. Mteja kama yule hawezi kutozwa sawa na wengine, nitamuuzia kwa nusu. Na akizidisha hela tena, chenji yake atarudishiwa yote, nauli juu yangu.